UZI: Gogo iko Migori, Sondu iko mlangoni pa Homa Bay. Mbona stima bado ni shida?

1/
Kampeni zikikaribia huku Migori na Homa Bay, swali la stima hurudi kama mvua ya Aprili. Mmoja atashika maikrofoni kwenye mazishi aseme, "Gogo ni yetu, mbona tunalipishwa?" Mwingine atajibu redioni kwamba nchi ina megawati za kutosha, kwa hivyo tuache kulia. Wa tatu ataahidi mtambo mpya. Mimi ni mtu wa Nyatike, na mjadala huu nimeusikiliza miaka mingi. Watu hurushiana maneno bila historia. Humu hutapata jina la mwanasiasa wala chama. Ni stima tu: hutengenezwa vipi, hutoka wapi, na kwa nini ilipita pale ilipopita. Ni mrefu, chukua chai kwanza.

2/
Hoja yangu naiweka mapema ili usinitafute mwishoni. Katika pembe hii ya nchi, waya umetusumbua kuliko mtambo. Stima hufuata laini, na laini hufuata yule aliyeilipia. Kwa hivyo mtu akikuambia mtambo uko kwenu, muulize swali la pili: laini yake ilijengewa nani, na inaelekea wapi? Ukishika hilo, nusu ya hotuba za stima utazipima mwenyewe.

3/
Tuanze na jinsi stima inavyotengenezwa, maana hapa ndipo uongo mwingi huanzia. Ukizungusha sumaku karibu na waya wa shaba uliokunjwa kama koili, stima hutembea ndani ya waya. Basi. Kinachobaki ni kutafuta kitu cha kuzungusha. Gogo na Sondu ni maji. Olkaria ni mvuke kutoka chini ya ardhi. Turkana ni upepo. Mombasa ni injini zinazochoma mafuta mazito. Sola peke yake ndiyo haizungushi kitu, hiyo hupata stima moja kwa moja kutoka kwa mwanga wa jua. Lile gurudumu la mapanga linalosukumwa na maji, mvuke au upepo ndilo turbini.

4/
Kwa maji, hesabu ni mbili: maji ni mengi kiasi gani, na yanaanguka kutoka juu kiasi gani. Chukua meta moja ya ujazo ya maji kila sekunde, iangushe meta 10. Ukitoa hasara za mashine, unabaki na kama kilowati 80. Hizo zinasukuma vinu vitano vya posho hivi. Ndiyo maana mto mkubwa usio na poromoko hautoi mengi, na kijito kidogo chenye mteremko mkali kinaweza kukushangaza. Na ndiyo maana kiangazi kikibana, mtambo wa maji hushuka, hata uwe na mashine mpya namna gani. Mto haujui ahadi za mtu.

5/
Sasa historia. Stima Afrika Mashariki ilianza kwa wenye nguvu. Mashine ya mapema kabisa ilikuwa ya Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, ya kuwasha jumba lake na mitaa ya karibu. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, akaichukua, na hapo ikazaliwa kampuni ya stima ya Mombasa. Mwaka huohuo mhandisi Clement Hertzel akapewa haki ya kuuza stima Nairobi. Mwaka 1922 kampuni hizo mbili zikaungana kuwa East African Power and Lighting, ambayo mwaka 1983 ikageuka kuwa Kenya Power and Lighting. Ona mfuatano: jumba, mji wa bandari, mji wa walowezi. Kijiji hakimo.

6/
Huku kwetu, enzi hizo ikiitwa South Nyanza, hakukuwa na mlowezi wa kuvutia waya. Kulikuwa na pamba, samaki, mahindi, na taa ya koroboi. Kilichobadilisha mambo ni dhahabu. Miaka ya 1930, baada ya watu kukimbilia dhahabu Kakamega, wachimbaji walifika pia upande wa Migori. Mgodi uliokua kuliko yote ukawa Macalder, ndani ya Nyatike ya leo. Jina hilo bado liko, na vijana bado wanachimba pale kwa sururu na krasha.

7/
Miaka ya 1950 Macalder haikuwa tena dhahabu pekee. Chini kulikuwa na shaba, na Shirika la Maendeleo ya Makoloni la Uingereza likaweka pesa. Kutoa shaba chini ya ardhi kunakula nguvu: pampu za kutoa maji shimoni, feni za kushusha hewa, mashine za kuponda mawe usiku na mchana. Kusafirisha dizeli hadi Nyatike kwa barabara za wakati ule ilikuwa hasara. Lakini Mto Kuja ulikuwa pale karibu, na juu yake kuna maporomoko ya Gogo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mtambo wa maji wa megawati 2 ukajengwa Gogo kwa ajili ya mgodi.

8/
Simama hapo kidogo, hii ndiyo mizizi ya mjadala wote. Gogo haikujengewa Nyatike. Ilijengewa shaba. Laini yake ilikuwa na kazi moja, kufika mgodini. Mpango wa serikali wa kupeleka stima vijijini ulianza mwaka 1973, zaidi ya miaka kumi baada ya Gogo kuwaka. Kwa hivyo kuna watu waliozaliwa wakisikia maji yakivuma kwenye mtambo, wakaoa, wakazaa, na bado wakasomesha watoto kwa koroboi. Haikuwa bahati mbaya. Aliyechora ile laini hakuwa amewaweka kwenye hesabu.

9/
Mwaka 1966 mgodi wa Macalder ukafungwa. Shaba ikaenda, kampuni ikaenda, mtambo ukabaki. Baadaye ukaingia kwenye mfumo wa stima wa taifa, na leo uko chini ya KenGen, ile kampuni iliyobaki na kazi ya kuzalisha baada ya uzalishaji na usambazaji kutenganishwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Uwezo wake bado ni megawati 2 zilezile. Fikiria hii pia: mahali palipotoa shaba, madini yaleyale ya kutengenezea waya wa stima, pamekuwa pa mwisho kufikiwa na waya.

10/
Wakati Gogo inajengwa, kazi kubwa zaidi ilikuwa Jinja, Uganda. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa na malkia wa Uingereza mwaka 1954. Hapa iko habari ambayo watu wa huku huwa hawaambiwi: Mto Kuja unamwaga Ziwa Victoria, Sondu pia, na njia pekee ya ziwa hilo kutoka ni Jinja. Maji yaliyopita Gogo na Sondu, yale ambayo hayakugeuka mvuke ziwani, hupita turbini za Uganda. Kwanza Owen Falls, siku hizi Nalubaale, kisha Bujagali na mingine hadi Karuma. Tone moja la mvua ya Kisii linaweza kufanya kazi mara nyingi kabla halijaona Sudan.

11/
Na Kenya ilinunua ile stima. Mwaka huohuo wa 1954 iliundwa kampuni maalum, Kenya Power Company, kwa kazi ya kuleta umeme wa Uganda. Laini ya kilovolti 132 ikavutwa kutoka Tororo hadi Juja. Mkataba ulikuwa wa megawati 30. Sasa chukua ramani ufuate Tororo hadi Juja. Laini inakata magharibi, inapanda bondeni, inashuka Nairobi. South Nyanza iko mbali kusini. Maji yetu yalisaidia kuwasha Nairobi kupitia Uganda, na waya haukupinda kuja kutuona.

12/
Baada ya uhuru mitambo iliongezeka, lakini kitovu cha matumizi hakikuhama. Mto Tana ukapata Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Olkaria ikaanza 1981 na megawati 15 za mvuke. Turkwel ikaja 1991. Siku hizi mvuke ndio unaobeba takriban asilimia 40 ya stima ya nchi, kisha maji, upepo, stima ya kununua Ethiopia, mafuta na jua. Laini nene kuliko zote zilitoka huko zikaelekea Nairobi na Mombasa, kwa sababu viwanda viko huko. Mhandisi hufuata mzigo. Lakini kiwanda nacho hufuata stima ya uhakika, kwa hivyo asiyekuwa nayo hubaki bila vyote viwili.

13/
Hata mpango wa vijijini wa 1973 ulikuwa na njia yake. Uliingia kwa barabara kuu: sokoni, hospitali ya misheni, shule ya sekondari, ofisi ya DO, kiwanda cha kuchambua pamba. Rongo, Awendo, Migori mjini, Homa Bay mjini, Kendu Bay, Oyugis. Ukiwa kilomita mbili nje ya lami, unaona mwanga wa soko usiku na basi. Pesa zake zinatoka kwa kila anayenunua stima, ile tozo ya asilimia 5 kwenye bili. Kwa hivyo anayesema "stima ya kijijini ni zawadi ya mheshimiwa fulani", mwambie tumeichangia wote, hata mama wa kibanda cha chapati Kariobangi.

14/
Halafu kuna shida ya urefu wa waya. Kwa miongo, sehemu kubwa ya Migori na Homa Bay ililishwa kutoka Kisii kwa laini ndefu za kilovolti 33. Fizikia haina huruma hapa. Ukibeba nguvu ileile kwa volti nusu, mkondo huongezeka mara mbili, na hasara njiani huongezeka mara nne. Laini ya kilovolti 33 hupoteza mara 16 ya ile ya 132, mzigo ukiwa uleule na waya uleule. Mwisho wa laini ndipo unaona taa inawaka kama kaa la makaa saa moja jioni, na friji ya dukani inanguruma bila kugandisha. Nawajua mafundi wa kuchomelea ambao walizoea kufanya kazi usiku wa manane, saa ambazo wengine wamelala na volti imepanda.

15/
Sasa twende Sondu. Mto Sondu Miriu ndio mpaka kati ya Nyakach, upande wa Kisumu, na Rachuonyo, upande wa Homa Bay. Ujenzi wa mtambo ulianza mwaka 1999 kwa mkopo wa Japani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kazi ilisimama kwa muda, kwa sababu ya pesa na malalamiko ya wenyeji kuhusu ajira, vumbi na maji ya mto. Muundo wake hauna bwawa kubwa. Maji yanachepushwa, yanapita kwenye handaki la zaidi ya kilomita 6, yanaangushwa kwenye turbini, kisha yanarudi. Mwaka 2008 megawati 60 zikawa tayari. Mwaka 2012 Sang'oro ikaongeza 21 kwa kutumia maji yaleyale yakitoka Sondu.

16/
Ile stima ilienda wapi? Laini ya kwanza ya kilovolti 132 ilielekea Kisumu. Mtu wa Rachuonyo, anayeuona mto kutoka nyumbani, akaendelea kutegemea laini nyembamba kutoka mbali. Ilibidi KETRACO, kampuni ya laini kubwa iliyoundwa mwaka 2008, ije kujenga Kisii hadi Awendo, na ile nyingine ya Sondu kuja Homa Bay, Ndhiwa hadi Awendo. Nguzo za chuma unazoziona ukipita Ndhiwa ndizo hizo. Kwa maoni yangu hizo laini ndizo habari kubwa ya stima South Nyanza tangu Gogo. Hazikuongeza megawati hata moja. Ziliifungulia mlango ile iliyokuwepo tayari.

17/
Kama hujaamini kwamba waya ndio mkubwa, nipe mifano miwili ya nje ya kaunti zetu. Mwaka 2016 KenGen ilihamisha mtambo unaochoma mafuta ya taa kutoka Embakasi, Nairobi, hadi Muhoroni, kwa sababu laini za kufikisha stima magharibi zilikuwa dhaifu. Yaani mvuke wa bei nafuu uko Olkaria, na sisi tunachomewa mafuta Muhoroni. Wa pili ni upepo wa Turkana, megawati 310. Mitambo 365 ilikuwa imesimama mwaka 2017, lakini laini ya kwenda Suswa, zaidi ya kilomita 400, haikuwa tayari hadi 2018. Serikali ikalazimika kulipa fidia kwa upepo ambao haukuwasha hata balbu.

18/
Na visiwa? Waya wa gridi ukishindwa kuvuka maji, mtambo lazima uende. Mfangano ilipata jenereta za dizeli. Ringiti ikapata mtandao mdogo wa jua wa kampuni binafsi. Wavuvi wa omena hawakungoja mtu: wengi waliacha taa za karabai wakahamia taa za betri zinazochajiwa kwa jua, maana mafuta ya taa yalikuwa yanakula faida. Hapa kuna funzo la pesa. Bei ya dizeli ya Mfangano huingizwa kwenye hesabu ya gharama ya mafuta, ile inayogawanywa kwa wateja wote nchini. Mtu wa Nyeri anachangia taa ya Mfangano, na mtu wa Uriri anachangia injini za Mombasa.

19/
Tuingie kwenye madai yanayorudi kila mjadala.

Dai: "Gogo na Sondu ni zetu, tulipe kidogo."
Bei ya stima Kenya ni moja kwa kundi moja la wateja popote ulipo, na hupangwa na EPRA. Ukisema anayekaa karibu na mtambo alipe kidogo, Nakuru yenye Olkaria itachukua nafuu yote, na Mfangano yenye dizeli italia. Hilo dai likipita jinsi lilivyo, sisi tunaumia. Lakini ndani yake kuna swali la haki. Sheria ya Kawi ya 2019 inagawa mrabaha wa mvuke wa ardhini: asilimia 75 serikali kuu, 20 kaunti, 5 jamii ya pale. Mgao huo ni wa mvuke. Mtu wa Gogo na wa Sondu wana haki ya kuuliza, na maji je? Hilo ni swali la Bunge, na liko na maana kuliko kelele za bili.

20/
Dai: "Tukate Gogo kutoka gridi, itulishe sisi tu."
Megawati 2 zinaweza kuwasha balbu 200,000 za wati 10, kwa hivyo mtu husikia akafikiri tumetajirika. Lakini weka vinu vya posho, krasha za dhahabu, mashine za barafu Karungu na Muhuru Bay, welding, pampu za hospitali: vinu 130 vya kilowati 15 vikisaga kwa pamoja, zimekwisha. Na hiyo ni mto ukiwa umejaa. Kuja hubeba udongo mwingi kutoka milima ya Gucha, na udongo hujaa nyuma ya ukuta. Kiangazi maji hushuka. Bila gridi, Januari tungelala giza. KenGen ina mpango wa kuupanua mtambo uzidi megawati 8. Ukitekelezwa utasaidia, hasa kuinua volti ya mwisho wa laini, lakini bado utahitaji gridi.

21/
Dai: "Stima ikipotea nchi nzima, mbona sisi wenye mtambo tunakaa giza pia?"
Watu waliuliza hivi baada ya Agosti 25, 2023, nchi ilipokaa giza kwa saa nyingi. Mitambo yote kwenye gridi huzunguka kwa mwendo mmoja, kama vijana waliobeba jeneza: mmoja mkubwa akiteleza, wengine wanalemewa. Mtambo mdogo hujizima wenyewe ili usiungue. Gogo ni chini ya moja kwa elfu ya mahitaji ya nchi saa za jioni, ambayo ni zaidi ya megawati 2,200. Sondu na Sang'oro pamoja hawafiki nne kwa mia. Inawezekana kujenga mfumo ambao eneo hujitenga na kubaki na mwanga wake, lakini huo hununuliwa na kupangwa mapema. Hauji kwa sababu mnaishi karibu na mto.

22/
Dai: "Kila nyumba sasa ina stima."
Mwaka 2015 mradi wa Last Mile ulishusha ada ya kuunganishwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, kwa walio ndani ya meta 600 za transfoma. Huo ulikuwa msaada mkubwa, siwezi kuudharau. Lakini sensa ya 2019 ilionyesha nusu tu ya nyumba za Kenya, asilimia 50.4, zikitumia stima ya gridi kwa mwanga, na 19.3 zikitumia sola. Halafu kuna nyumba zenye mita ukutani na hazinunui tokeni miezi. Kuna vijiji transfoma iliungua na watu wakarudi kwa koroboi. Aliyehesabu mita hakuhesabu mwanga. Ukiambiwa "tumeunganisha elfu kadhaa", uliza ni wangapi walinunua tokeni mwezi uliopita.

23/
Dai: "Miwa ya Awendo itupe stima."
Hili lina ukweli. Kiwanda cha sukari huchoma makapi ya miwa kuchemsha maji, mvuke ukazungusha turbini. South Nyanza Sugar iko Awendo tangu 1979. Mumias ilithibitisha kwamba inawezekana kuuza nje: mwaka 2009 ilianza kuipa gridi megawati 26. Lakini Mumias ilipoyumba, miwa ikakosekana, na stima ikafa nayo. Stima ya miwa ni nzuri kama mkulima amelipwa, maana asipolipwa anapanda mahindi. Na wale wanaoleta nyuklia kwenye mjadala, sasa inatajwa ufukweni mwa ziwa kule Siaya: swali la waya liko palepale. Mtambo mkubwa ziwani unaweza kupeleka yote Nairobi ukatuachia uzio.

24/
Nani wa kuulizwa sasa? Watu huchanganya. Mzalishaji mkubwa ni KenGen. Laini kubwa ni KETRACO. Nguzo ya kijijini, mita na tokeni ni Kenya Power. Miradi ya vijijini ni REREC. Bei ni EPRA. Na kaunti? Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inaipa kaunti kazi ya mipango ikiwemo usambazaji wa stima na gesi. Kwa hivyo mgombea wa kaunti akikuambia "stima si kazi yangu", hajasoma. Na akikuahidi atashusha bili, pia hajasoma. Mbunge yuko na njia zake: sheria ya mrabaha wa maji, bajeti ya laini, na kuziita hizo taasisi mbele ya kamati.

25/
Kwa hivyo mwaniaji akifika kwenu na maneno ya stima, muulize haya:
– Laini inayotulisha inatoka sabstesheni gani, na ni kilovolti ngapi?
– Transfoma ikiungua, inachukua siku ngapi kubadilishwa, na wewe utafanya nini?
– Kaunti imeandika mpango wa kawi? Tuonyeshe.
– Mrabaha wa maji utapeleka Bungeni lini?
– Mtambo unaouahidi utaunganishwa na laini gani, na nani analipia hiyo laini?
Hilo la mwisho ndilo linalochuja watu. Aliyefanya kazi yake atakutajia Awendo, Ndhiwa, Sondu. Ambaye hajafanya atakuimbia megawati.

26/
Gogo ilipojengwa, mtu aliketi na ramani akauliza, "shaba iko wapi?" Tororo–Juja ilipochorwa, mtu aliuliza, "Nairobi inataka ngapi?" Hata laini ya kwanza ya Sondu ilichorwa kwa swali la Kisumu. Laini mpya za Homa Bay na Awendo ni za kwanza ambazo swali lake lilikuwa sisi. Zinaweza kushushwa hadi vinu vya posho, hadi vyumba vya barafu vya samaki, hadi maabara za shule za Nyatike na Suba, au zinaweza kupita juu ya paa zetu kama zile za zamani. Hiyo inaamuliwa kwenye vikao vya bajeti na mikutano ya umma ambayo wengi wetu hatuendi.

27/
Nimemaliza. Sitaki uniambie unapigia nani kura, hiyo ni siri yako. Niambie uko wadi gani, stima yenu hupotea mara ngapi kwa wiki, na ikipotea inarudi baada ya muda gani. Tukipata majibu ya kutosha kutoka Muhuru hadi Kendu Bay, nitayapanga wadi kwa wadi, na kila atakayekuja kuomba kura atakuta karatasi inamngoja. Sambaza kwa yule jamaa wa group ya familia anayesema Gogo inatosha nchi nzima.